Nguzo, Boriti na Kizingiti: Jinsi ya Kuchagua Unene wa Mistari Tunapohinti Fonti

Wasanifu wenzangu, hamjambo.

Nimekuja kuzungumzia namba ambazo wengi wetu huziandika mwisho kabisa tunapohinti fonti, yaani tunapoiwekea maagizo ya kuipanga vizuri kwenye pikseli. Fonti imekwisha kuchorwa, nafasi kati ya herufi zimepangwa, mteja anapiga simu, halafu programu inauliza swali la kukera: unene wa kawaida wa mistari ni upi? Tunatazama herufi moja, tunapima, tunaandika, tunafunga. Namba iliyoandikwa kwa sekunde 10 ndiyo itakayoamua kama maandishi yetu yatakolea au yatafifia kwenye skrini za watu tusiowajua, kwa miaka mingi.

Kwanza tukubaliane maneno, maana hapa ndipo watu hupotea. Herufi ina mistari iliyosimama na mistari iliyolala. Iliyosimama, kama miguu miwili ya n, nitaiita nguzo. Iliyolala, kama ule unaoikata t au ule wa katikati ya e, nitaiita boriti. Ukifungua faili ya fonti ya PostScript utakuta namba mbili za unene wa kawaida, StdVW na StdHW, na sijui nimekutana na watu wangapi wenye akili timamu waliozigeuza. StdVW ni ya nguzo, ingawa unene wa nguzo hupimwa kwa rula iliyolala. StdHW ni ya boriti, ingawa unene wa boriti hupimwa kutoka juu kwenda chini. Rula na mstari vinapingana, ndiyo maana tunachanganyikiwa. Ukishafikiria nyumba, nguzo ni nguzo na boriti ni boriti, hukosei tena.

Nyosheni mikono: nani hapa ana fonti yenye thamani zaidi ya tano za nguzo? Naona mikono mingi kuliko nilivyotarajia. Ndugu yangu kule nyuma unanionyesha vidole tisa? Haya, usiondoke, tutarudi kwako.

Tuingie kwenye hesabu. Msiogope, ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Fonti nyingi za PostScript huchorwa kwenye mraba wa yuniti 1000; za TrueType mara nyingi ni 2048. Mimi nitatumia 1000 kwa sababu hainiumizi kichwa. Nguzo ya yuniti 84, ikiandikwa kwa saizi ya pikseli 12, inakuwa 84 mara 12, gawanya kwa 1000: pikseli 1.008. Safi. Kwa saizi ya 16 inakuwa 1.344. Pikseli haikatwi vipande, kwa hiyo injini, yaani programu inayochora herufi, ikichora kwa weusi na weupe mtupu inaichukua kama 1. Saizi ya 17 ni 1.428, bado 1. Saizi ya 18 ni 1.512, na hapo inaruka: 2. Saizi imeongezeka pikseli moja tu, mstari umenenepa maradufu. Mahali hapo pa kuruka napaita kizingiti.

Sasa chukueni fonti hiyohiyo, lakini mchoraji hakuwa makini. Au alikuwa makini kupita kiasi, akirekebisha kila herufi peke yake kwa jicho, na matokeo ni yaleyale. Nguzo za n zina yuniti 84, nguzo ya l ina 76. Kwenye bango kubwa hakuna atakayegundua. Lakini 76 inavuka kizingiti kwenye saizi ya 20, si ya 18. Maana yake ni kwamba kwenye saizi za 18 na 19, n ina miguu ya pikseli mbili na l ina pikseli moja. Andikeni neno “nilimlilia” kwa saizi hizo mtazame: linafanana na uzio uliotengenezwa kwa miti ya kuokota. Tofauti ya yuniti 8, isiyofika hata sehemu moja ya mia ya mraba wa herufi, imegeuka kuwa tofauti ya mara mbili.

Jambo hili linajirudia kwenye kila kizingiti. Kutoka pikseli mbili kwenda tatu, 84 inavuka kwenye saizi ya 30 na 76 kwenye 33. Kutoka tatu kwenda nne, 84 inavuka kwenye 42 na 76 kwenye 47. Mnaona pengo linapanuka, lakini jicho linasumbuka kidogo zaidi kila mara: mstari wa pikseli moja kando ya wa pikseli mbili ni kelele, wa tatu kando ya wa nne ni mnong'ono. Kwa hiyo kazi yote ngumu iko kwenye kizingiti cha kwanza, na kidogo kwenye cha pili. Baada ya hapo namwachia Mungu na injini.

Na msidhani haya yalianza na skrini. Yalianza na printa. Printa ya LaserWriter ya Apple iliyotoka mwaka 1985 ilichapa nukta 300 kwa inchi. Maandishi ya pointi 10 kwenye printa hiyo ni saizi ya nukta 41.67. Zidisheni kwa 84, gawanyeni kwa 1000: nukta 3.5. Kizingitini kabisa, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje! Saizi ambayo watu huchapia barua, na unene wa kawaida kabisa wa nguzo. Bila maagizo, nguzo moja ingetoka na nukta tatu na jirani yake nne, kutegemea imeangukia wapi kwenye gridi. Hinti zilibuniwa kuzuia aibu hiyo. Adobe walizifanya siri ya biashara hadi mwaka 1990, walipochapisha maelezo ya fonti zao za PostScript, ziitwazo Type 1, wakati ambapo TrueType ilikuwa tayari inabisha hodi.

Tuzigeuze hesabu hizi sasa, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Tunapoandika 84 kwenye StdVW tunadhani tumetoa kipimo. Kumbe tumechagua saizi ya kuruka. Tungeandika 83, saizi ya 18 ingetoa 1.494, ingebaki na pikseli moja, na kuruka kungesubiri saizi ya 19. Yuniti moja! Hakuna binadamu anayeona yuniti moja kwenye mchoro, lakini yuniti hiyo imeamua hatima ya saizi nzima. Basi kabla ya kushika rula, jiulize: maandishi haya nataka yawe mazito kuanzia saizi ipi? Kisha gawanya 1500 kwa saizi hiyo. Ukitaka kuruka kwenye 18, jibu ni 83.33, basi thamani yako ianzie 84. Ukitaka kuruka kwenye 20, unahitaji 75 au zaidi, lakini isizidi 78, maana 79 itakuruka mapema, kwenye 19. Sasa linganisha na ulichochora. Kama mistari yako ya kweli inazunguka kati ya 80 na 86, una uhuru wa kuchagua kati ya 18 na 19. Uhuru mdogo, lakini ni wako. Usimwachie kipanya kilichoteleza.

Kuna anayeniuliza kwa macho: kwa nini nisiandike 95, niruke kwenye 16, maandishi yangu yakolee? Kwa sababu thamani lazima ibaki jirani ya mchoro. Ukiivuta mbali, injini zitafanya moja kati ya mawili: ama zitaipuuza kwa sababu mistari yako haimo kwenye umbali wake wa kunasa, yaani iko mbali mno kuvutwa kwenye thamani hiyo, ama zitakutii na kukuharibia matundu ya herufi. Chukua e ndogo yenye kimo cha yuniti 500. Kwenye saizi ya 18 ina pikseli 9 kutoka chini hadi juu. Ina boriti tatu. Zikiwa za pikseli moja moja, zinabaki sita za weupe: tatu juu, tatu chini, e inapumua. Zikiwa za pikseli mbili, zinabaki tatu: tundu moja lina mbili na jingine moja. Sasa shukeni hadi saizi ya 14. Kimo ni pikseli 7. Boriti tatu za pikseli mbili zinakula sita, inabaki moja ya kugawiwa matundu mawili. Hiyo si e tena, ni doa.

Ndiyo maana boriti hupewa thamani ndogo kuliko nguzo. Jicho lenyewe linadai hivyo, kwani mstari uliolala huonekana mnene kuliko uliosimama hata vikilingana kwa rula, na wachoraji wamelijua hilo tangu enzi za herufi za madini ya risasi. Kama nguzo ni 84, boriti ya 74 itasubiri hadi saizi ya 21 kabla ya kuruka, na kufikia hapo e imerefuka vya kutosha kuibeba. Mtu anayenakili namba ya nguzo kwenye sanduku la boriti anaziba e zake zote. Nimeona fonti zilizouzwa zikiwa hivyo.

Tupime vipi? Si kwa wastani. Nawasihi, si kwa wastani. Fonti yenye nguzo za 84 na serifu, vile vijiguu vya mwisho wa mistari, za 34 ina wastani wa 59, na hakuna mstari hata mmoja ndani yake wenye yuniti 59. Tunachotafuta ni modi, thamani inayojirudia zaidi, na hasa inayojirudia kwenye herufi zinazosomwa zaidi. Kwa nguzo nenda kwenye herufi ndogo zilizonyooka: n, l, i, h, m. Kwa boriti nenda kwenye e, t, f, z, na mgongo wa juu na wa chini wa o. Vifaa vya Adobe vya wasanifu wa fonti vina kijiprogramu kinachohesabu mistari yote na kukuandikia ripoti ya kila unene na mara unazojitokeza. Itumieni ripoti hiyo, lakini isomeni kama mtu anayesoma matokeo ya kura: tazama kilima kiko wapi, usimtazame kila mpiga kura. Kama kilima ni kimoja, thamani ni moja. Kama ni viwili vilivyoachana kweli, thamani ni mbili.

Maana ya “vilivyoachana kweli” hutegemea vizingiti. Tuseme herufi ndogo zina nguzo za 84 na herufi kubwa zina 92, uwiano wa kawaida kabisa. Thamani ya 92 inaruka kwenye 17, ya 84 kwenye 18. Ukiziandika zote mbili, kwenye kizingiti cha kwanza umenunua saizi moja tu ambayo herufi kubwa ni nene kuliko ndogo, na kwenye saizi hiyo sentensi inaonekana kama imepigwa mihuri kila baada ya nukta. Mimi siandiki 92. Naandika 84, na herufi kubwa zinafuata. Wako wanaobisha, na hoja yao ina uzito kwenye fonti za vichwa vya habari. Kwenye fonti za kusomea sijabadilisha mawazo.

Ubavu wa o nao huchorwa mnene kidogo kuliko mguu wa n, labda 88 kwa 84, ili macho yaone usawa. Hiyo ni kazi ya mchoro kwenye saizi kubwa. Chini ya pikseli 30 tofauti hiyo haina mahali pa kukaa. Inabaki sifuri, au inakuwa pikseli nzima ya ziada. Iache inaswe na 84.

Sasa nikiri yangu. Fonti yangu ya kwanza ya kuuza ilikuwa na thamani 12 za nguzo. Kwa nini 12? Kwa sababu StemSnapV, orodha ya thamani za nguzo kwenye fonti ya PostScript, inaruhusu hadi 12, nami nikadhani nafasi tupu ni uvivu. Niliandika 78, 80, 82, 84, nikaendelea hivyo, kila mstari na nyumba yake. Nilijisikia fundi kwelikweli. Kilichotokea ni kwamba hakuna kilichonaswa. Kunasa maana yake ni mistari inayokaribiana kuletwa pamoja. Mimi niliuwekea kila mmoja kiti chake, ikakaa mbalimbali. Herufi zangu zilikuwa afadhali bila hinti. Mteja alinitumia picha ya skrini bila neno lolote, na hakukuwa na haja ya neno. Nilifuta 11, nikabakiza moja, na fonti ikatengemaa jioni ileile.

Upande wa TrueType lugha ni nyingine lakini mkosi ni uleule. Huko thamani zinakaa kwenye jedwali la cvt, na agizo la unene huchagua namba mojawapo ya jedwali. Injini inalinganisha thamani hiyo na mstari uliochorwa, na zikitofautiana kupita kiwango fulani, ambacho kwa kawaida ni 17/16 ya pikseli, inaachana na jedwali na kufuata mchoro. Kwenye saizi ndogo karibu kila kitu kimo ndani ya kiwango hicho, kwa hiyo mistari inaungana. Saizi ikikua, michoro inarudishiwa uhuru wake. Kiwango hicho mnaweza kukibadilisha saizi kwa saizi. Kuna pia umbali wa chini kabisa, kwa kawaida pikseli moja, unaouokoa mstari mwembamba usipotee. Serifu ya 40 kwenye saizi ya 12 ni 0.48, kwa hesabu kavu ingefutika. Inaokolewa, inakuwa 1, sawa na nguzo iliyo kando yake, na umaridadi wa wembamba na unene unakufa hapo. Hakuna thamani itakayoufufua kwenye saizi hiyo, msijisumbue.

Kwa wanaotumia ttfautohint, programu inayohinti fonti za TrueType yenyewe, unene wa kawaida unapimwa kwenye herufi o. Basi o yako iwe mwakilishi wa haki. Kama umeichora na mgongo wa juu na wa chini wa majivuno, 86 wakati boriti za e zina 74, umeikabidhi fonti nzima kwa herufi moja yenye majivuno. Programu hiyo ina namna tatu za kushughulikia unene: ya kuacha mistari kama ilivyo, ya kuipunguzia chaguo, na ya kuibana kwenye pikseli nzima. Zijaribuni zote tatu kabla ya kuilaumu.

Nani anasikiliza hinti zetu siku hizi? macOS haisikilizi karibu lolote. FreeType, injini huria ya kuchora fonti, tangu toleo la 2.7 la mwaka 2016, kwa mipangilio yake ya kawaida, hupuuza sehemu kubwa ya maagizo ya kulia na kushoto na kutii ya juu na chini. ClearType ya Windows nayo ina ukali zaidi upande wa kulia na kushoto, kwa hiyo nguzo haihitaji kubanwa kama zamani. Jumlisheni: nguzo, tunayoipenda na kuipima kwanza, ndiyo inayosikilizwa kidogo zaidi. Boriti, tunayoiandika kwa kubahatisha, ndiyo inayotiiwa karibu kila mahali hinti zinapotiiwa. Nikiwa na saa moja ya kuhinti, dakika 45 nazipa boriti. Na kwenye italiki ndiyo kabisa, nguzo zimeinama upande, hazinaswi na gridi. Boriti ndiyo peke yake inayobaki kazini.

Neno moja kuhusu familia. Fonti ya kawaida ina nguzo za 84, fonti nzito ina 140. Kwenye saizi ya 10, ya kwanza ni 0.84, ya pili ni 1.4. Zote zinakuwa pikseli moja. Umesisitiza neno na hakuna aliyeona mkazo! Kwenye 11 nzito inafika 1.54 na kuruka. PostScript ilikuwa na swichi ya ForceBold kwa ajili ya dhiki hii, lakini ukiandika 150 badala ya 140, kama mchoro unaruhusu, kwenye saizi ya 10 huihitaji swichi hata kidogo: 150 mara 10 ni pikseli 1.5 kamili. Ongezeni yuniti moja juu yake, maana si kila injini hupandisha nusu. Pangeni thamani za familia nzima kwenye karatasi moja, na kando ya kila namba muandike saizi inayovuka kizingiti. Mkiziona safu mbili zinalingana, mjue kuna watoto wawili watakaofanana mbele za watu.

Fonti zinazonyumbulika, zile za faili moja inayobeba uzito wote kutoka mwembamba hadi mnene, zinadai nidhamu zaidi. Kila mchoro mama uwe na idadi ileile ya thamani, kwa mpangilio uleule, kwa sababu programu inachanganya ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Mwembamba akiwa na thamani mbili na mnene tatu, mambo hayatajengeka. Ndiyo maana huko nashikilia moja kwa nguzo, moja kwa boriti, mpaka mtu anionyeshe kwa jicho kwamba haitoshi.

Kwa jicho, nimesema. Majaribio yangu ni maneno mawili: “nilimlilia” kwa nguzo, “teketeza” kwa boriti. Nayaandika kuanzia saizi ya 9 hadi ya 36, mstari chini ya mstari, kwenye skrini mbovu kuliko zote ninazoweza kupata. Natafuta mstari ambapo neno linaanza kukolea, nahakikisha linakolea lote kwa pamoja. Kama herufi moja inatangulia au inachelewa, narudi kwenye mchoro wake kabla sijagusa thamani. Mara nyingi kosa ni la mkono wangu, si la namba.

Haya, ndugu yangu wa vidole tisa, njoo mbele na kompyuta yako. Tuone zipi nane tutazifuta.